Kaya Iliyoandikwa Sifuri

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, waheshimiwa madiwani mliopanda na kushuka vilima mpaka hapa, Mganga Mfawidhi wa kituo chetu, wachungaji na wazee wa kanisa, viongozi wa Mradi wa Pumzi Safi, wauguzi, wagonjwa wenzangu wa Chumba cha Pumzi, kina mama wa kwaya mliotuimbia vizuri, ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana: mugonile, hamjambo.

Nimepewa muda mfupi, na nimeambiwa niseme maneno ya shukrani kwa niaba ya wagonjwa. Nitashukuru. Ila naomba mnivumilie, maana leo siwezi kusimama mahali pamoja. Mtaniona nahamia mguu huu, nahamia ule, mtaniona napapasa mfuko wa shati, mtaniona natafuna. Hiki ninachotafuna ni tangawizi, Mheshimiwa, si utovu wa adabu. Sista Jenifer ndiye aliyeniagiza, kwamba kila mkono unapokwenda mfukoni kutafuta sigara, ukute tangawizi. Umekwenda mara nyingi tangu nikae kwenye kile kiti cha plastiki, na tangawizi inakaribia kwisha, na hotuba ndiyo kwanza inaanza.

Kwa wasionifahamu, mimi ni Mwalimu Ezron wa Kisondela. Nilifundisha hesabu katika shule za msingi za wilaya hii mpaka serikali iliponiambia nipumzike, na wengi mliokaa hapo mbele nimewahi kuwasahihishia madaftari. MC Godwin, nakuona unavyonionyesha saa. Nani alikufundisha kuisoma hiyo saa? Basi tulia, mwanangu, nitamaliza.

Nilianza kuvuta nikiwa kijana chuoni, na kabla ya hapo nilikuwa nimeshaonja kiko cha babu yangu. Nimeacha tangu msimu wa mahindi uliopita. Nasema nimeacha kwa sauti ya chini, kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala, kwa sababu wote tuliowahi kuvuta tunajua kwamba yule mbwa hajafa.

Ndugu wageni waalikwa, tumekusanyika kwa mambo mawili. La kwanza ni kumuaga binti yetu Doreen, mtakwimu wa mradi, aliyekuja kwetu na kompyuta yake akakuta matope yetu, akayazoea. La pili ni kwamba Mheshimiwa Mgeni Rasmi ataweka sahihi kwenye ripoti ya mradi, na akishaweka sahihi, Chumba cha Pumzi, tunamosaidiwa kuacha sigara, kitafungwa na kufanywa stoo. Wengine mmeshaanza kulizoea jambo hilo. Hilo benchi mlilokalia huko nyuma, lenye mguu uliofungwa waya, ni benchi letu. Limetolewa asubuhi ya leo, hata sahihi haijakauka, wala haijawekwa.

Nami nasema wazi mbele ya wote: naogopa. Mtu mzima wa umri wangu hapendi kulisema neno hilo mbele ya watu aliowachapa fimbo kwa kuogopa giza. Lakini naogopa. Kile chumba si jengo tu. Ni Sista Jenifer kunipigia simu jioni, saa ile chakula kikishashuka na koo likianza kudai, akaniuliza, "Mwalimu, mkono uko wapi?" Ni wazee wa Masukulu, wa Nkunga na wa Kisondela kukaa kwenye benchi moja, kila mmoja anapuliza kwenye kile kifaa cha kupimia pumzi, na wenzake wanamcheka na kumshangilia kwa pamoja. Mtu akikwambia aliacha sigara peke yake, mpe pole na umsifu. Mimi peke yangu nilishindwa kila mwaka mpya.

Mfano upo. Mwenzangu Ambindwile wa Masukulu, tuliyebatizwa naye siku moja, alikuwa ameacha vizuri, mpaka mkewe akaanza kumsifia harufu. Aliposikia chumba kinafungwa, akauliza kwa nini. Akaambiwa ripoti imeonyesha kwamba wazee wanaovuta wilaya hii ni wa kutafutwa kwa tochi, hivyo chumba hakina faida ya kutosha. Ambindwile akasema, "Kama mimi simo kwenye hesabu yao, basi ninayemnyima raha ni nani?" Juzi nilimkuta kibandani, pale wanapoegesha bodaboda, amenunua sigara moja, moja tu, ameishika kwa aibu. Nilikasirika naye, kisha nikamwonea huruma, kisha, Mungu anisamehe, nikaitamani ile sigara.

Sasa tujiulize, ripoti hii imejuaje kwamba hatuna faida? Naomba nieleze kwa lugha ya darasa la tano, jinsi nilivyoelezwa.

Wataalamu hawawezi kungoja miaka ishirini waone nani atakufa na nani atapona. Basi wanaiambia kompyuta iigize miaka ambayo haijafika. Inaigiza mara mbili. Mara ya kwanza inaigiza tukiacha mambo yalivyo: sigara moja moja zinauzwa vibandani, hakuna chumba, hakuna kodi mpya. Mara ya pili inaigiza tukifanya kitu: bei inapanda, sigara moja moja zinakatazwa, wanaotaka kuacha wanasaidiwa. Kisha inatoa vifo vya mara ya pili kwenye vifo vya mara ya kwanza, na ile tofauti ndiyo wanayoiita faida. Hesabu ya kutoa, ndugu zangu. Tuliifundisha kwa vijiti.

Na hesabu ya kutoa ina ubaya wake. Kila mtu anaangalia jibu. Nani anaangalia namba ya juu, ile unayotolea?

Yuko ndugu yetu Asajile wa Nkunga, mwenye parachichi. Ameketi pale, hatakasirika. Mwaka mmoja mvua ilinyesha kwa mpangilio mzuri, naye mwaka huo huo akanunua dawa fulani ya kupuliza. Parachichi zikazaa mpaka matawi yakaegemezwa miti. Asajile akazunguka kijiji kizima akiihubiri dawa. Mwaka uliofuata mvua ikakosea, akapuliza dawa ile ile, akavuna kidogo, akamtukana aliyemuuzia. Nikamuuliza, "Asajile, mwaka ule wa kwanza, bila dawa, ungevuna kiasi gani?" Akanijibu, "Mwalimu, nitajuaje wakati nilipuliza?" Hapo ndipo penyewe. Huwezi kuijua faida ya dawa mpaka ujue shamba lingekuwaje bila dawa, na shamba bila dawa hujaliona, umelikisia tu. Ukikisia vibaya, utaitukana dawa nzuri au utaihubiri dawa mbovu, na utafanya hivyo kwa moyo safi kabisa.

Sasa nirudi kwa Doreen, maana leo ni siku yake, nami naona nimempeleka shambani.

Binti huyu alikuja Chumba cha Pumzi siku ya kliniki kuchukua takwimu kwa Sista. Akafungua mlango, akasimama pale pale mlangoni. Benchi limejaa, wengine wamekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa. Akauliza, "Sista, hawa wazee wanatoka wapi?" Sista akamjibu, "Kata hizi hizi." Doreen akasema, "Haiwezekani." Ambindwile, ambaye mdomo wake haujawahi kwenda likizo, akanyoosha mkono akasema, "Binti, tuguse."

Mwingine angecheka, angechukua makaratasi yake na kuondoka. Kazi yake ilikuwa imekwisha, ripoti ilikuwa imeshapigwa chapa, wakubwa walikuwa wameshaisifu. Yeye akavuta ndoo akakaa. Akaniuliza, "Mwalimu, kwako wadodosaji wetu wa nyumba kwa nyumba walifika?" Nikamwambia walifika, nilikuta wameandika namba kwa chaki mlangoni. Akaniomba ruhusa aitafute namba hiyo kwenye kompyuta yake, nikampa. Akaangalia, akaangalia tena, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, kwenye kaya yako hakuna anayevuta."

Tulicheka, Mheshimiwa. Benchi zima tulicheka mpaka tukaanza kukohoa, na tulivyokohoa vile, kila mtu angejua tumevuta nini na kwa muda gani. Doreen peke yake ndiye hakucheka. Nilipoona hacheki, nami kicheko kikanikauka.

Hapo naomba wageni wetu mnisikilize vizuri, kwa sababu jambo hili wa kwetu watalielewa nusu ya sentensi, lakini ninyi mliotoka mbali mnahitaji sentensi nzima.

Kwetu Unyakyusa, mke wa mwanao humheshimu baba mkwe kwa kumwepuka. Zamani asingemwangalia usoni, asingekaa naye chumba kimoja, asingetaja jina lake wala kumzungumzia mbele za watu. Siku hizi imelegea. Kanisa limelegeza, shule imelegeza, na ziko nyumba ambamo mkwe na baba mkwe wanaangalia taarifa ya habari wakiwa wamekaa kochi moja. Nyumba yangu si mojawapo. Mkwe wangu Tusajigwe, mke wa mwanangu Lugano, alilelewa na bibi yake kule Nkunga, naye akaja na heshima yake yote bila kupunguza hata chembe. Mimi nikija kwa njia ya mbele, yeye anapita nyuma, migombani. Chakula changu anakipika yeye, anakileta mtoto. Miaka yote hii tumeishi kiwanja kimoja kwa amani kuliko ndugu wengi wanaokumbatiana.

Nami baba mkwe nina wajibu wangu. Nikikaribia nyumba, sharti nikohoe, ili kama yuko njiani apate nafasi ya kupisha. Kikohozi ndiyo hodi yetu.

Sasa fikirini wenyewe. Mvutaji wa miaka yangu anakohoa akipanda kilima, anakohoa akishuka, anakohoa akifunga kamba za viatu. Basi Kisondela nzima ikanisifu. Wakasema, mwoneni Mwalimu, ana adabu huyu, hajawahi kumshtukiza mkwe wake hata siku moja. Wababa wengine waliambiwa waje wajifunze kwangu. Hata mke wangu, Mama Lugano, alikuwa akiniambia, "Baba Lugano, imetosha, ameshapita." Mapafu yalikuwa yanaharibika, nami napewa sifa za ustaarabu.

Siku wadodosaji walipofika, mimi nilikuwa Tukuyu mjini kwa mambo ya pensheni, Mama Lugano alikuwa msibani, Lugano alikuwa kwenye shamba la chai. Nyumbani alikuwepo mkwe peke yake. Vijana wale walikuwa na adabu zao, sitawalaumu. Walimuuliza wangapi wanaishi pale, akajibu. Walimuuliza mumewe anavuta, akasema havuti, na ni kweli. Kisha wakamuuliza, "Na baba mkwe wako?"

Mkwe akainamisha kichwa. Wakamuuliza tena. Akasema, "Hayo siwezi kuyasema." Sasa yule kijana ana kishikwambi mkononi, na kishikwambi kina mahali pawili pa kugusa, ndiyo na hapana, na hakikubali kwenda swali linalofuata mpaka uguse pamojawapo. Wingu limetanda, nyumba bado nyingi, dereva wa bodaboda anapiga honi kule barabarani. Wewe ungegusa wapi? Naye akagusa hapana.

Nani alidanganya hapo, ndugu zangu? Mkwe hakudanganya, alikataa kusema. Kijana hakudanganya, alibanwa. Doreen hakudanganya, alipokea alicholetewa. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini mimi sikuyaficha maradhi yangu. Yalifichwa na watu wema watupu, wakipokezana.

Na sikuwa peke yangu. Ukienda mchana Masukulu, ukienda Nkunga, ukija Kisondela, unamkuta nani nyumbani? Wanaume wako mashambani, wako kwenye chai, wako sokoni, wako misibani. Unamkuta mke wa mtoto. Sisemi kila nyumba iko kama yangu, lakini Doreen alipotuuliza pale kwenye benchi, mmoja mmoja, ilikuwa ni hadithi ile ile yenye majina tofauti. Kwa hiyo wazee wa Rungwe tuliachishwa sigara kwa mkupuo, mchana kweupe, na wake za watoto wetu, wala hatukuambiwa.

Jioni ile nilimtuma Mama Lugano akamuulize mkwe alijibu nini hasa. Swali likatoka barazani kwangu, likapita sebuleni, likafika jikoni, na jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo. Mkwe amesema, "Mama, waliniuliza habari za baba. Ningeanzia wapi?"

Nitawaambia nilivyojisikia, maana nimeahidi kusema kweli. Kwanza nilijivuna. Nilijivuna sana. Nikajisemea, huyu ndiye mkwe, huyu bibi yake alifanya kazi. Kisha nikakumbuka benchi letu, nikamkumbuka Ambindwile. Heshima hii ninayoipenda ndiyo itakayonifungia mlango. Tangu siku ile sijatulia. Nakaa, nasimama. Naanza kupalilia, naacha jembe mgombani, narudi ndani, nasahau nilifuata nini. Mke wangu anadhani ni sigara inanitesa. Ni sigara, ndiyo, lakini si sigara peke yake.

Wiki iliyofuata Doreen alirudi na kompyuta yake akatuonyesha jambo. Hakubadilisha sheria hata moja. Kodi ile ile, katazo lile lile, chumba kile kile cha Sista Jenifer. Alibadilisha mwanzo tu. Aliiambia mashine, tuseme wazee wanaovuta ni wengi kuliko tulivyoandika, kisha akaiacha iigize. Faida ya chumba ikapanda mpaka Ambindwile akauliza kama mashine imeharibika. Mimi nikasimama nikapiga makofi. Doreen akasema, "Subiri, Mwalimu."

Akabadilisha tena. Akaiambia, tuseme hata tusipofanya lolote uvutaji utapungua wenyewe, kwa sababu wazee wanakufa na kanisa linakemea. Faida ikasinyaa, nikakaa chini. Akabadilisha mara nyingine. Akaiambia, tuseme vijana wa bodaboda ndio kwanza wanaanza, kwa sababu sigara moja bei yake haimshindi mtu. Faida ikapanda tena. Nikamwambia, "Binti, unanipandisha na kunishusha. Sasa ipi ni kweli?"

Akafunga kompyuta akaniambia, "Mwalimu, sijui. Hata mashine haijui. Mwanzo tunauweka sisi, yenyewe inafuata tu."

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nimekaa kwenye mikutano mingi na watu wengi wenye kompyuta. Ni mara yangu ya kwanza kumsikia mmoja akisema sijui huku kompyuta iko mapajani. Na alipolisema hilo kwa wakubwa wake, akaambiwa ripoti imeshapigwa chapa. Leo tunamuaga. Wanasema ni uhamisho wa kawaida, nami ni mtu wa kuamini ninachoambiwa, hasa nikiwa nimeshika kipaza sauti cha watu.

Lakini naomba haki yake isemwe hapa. Doreen hakuficha kitu. Kwenye ripoti hiyo iliyo mezani kwako, mwanzoni kabisa, kabla ya picha na rangi, ameandika kwa mkono wake mwenyewe wa kitaalamu kwamba wamechukulia aliyejibu alijibu kwa niaba ya kaya nzima, na kwamba wamechukulia hali itabaki kama ilivyo. Wamechukulia. Neno lipo, halikuogopa jua. Nani kati yetu alilisoma? Madiwani, mlilisoma? Mimi mwenyewe nilifungua ukurasa wenye mishale ya rangi, nikatafuta wilaya yangu, nikasema oho. Nimekuwa mwalimu wa hesabu maisha yangu yote, nikiwaambia watoto waonyeshe njia, na siku yangu ilipofika nikaruka njia nikaangalia jibu.

Sasa ombi langu, kabla MC hajanizimia kipaza sauti. Godwin, nakuona.

Siombi namba iwe kubwa. Mtu asije akaondoka hapa akisema Mwalimu Ezron alitaka waandikwe wavutaji hewa. Naomba kalamu ikae mezani, Mheshimiwa, mpaka tuhesabiwe upya. Wadodosaji waje watuulize sisi wazee wenyewe, jioni, tukisharudi. Wake za watoto wetu wasiulizwe habari zetu kabisa, na kama lazima waulizwe, basi waulizwe na mwanamke, mbali na kiwanja chetu. Na hicho kishikwambi kiongezewe mahali pa tatu pa kugusa, palipoandikwa kwamba aliyeulizwa hakuweza kusema. Baada ya hapo mashine iigize inavyotaka. Ikirudi na faida ndogo, nitalibeba hilo benchi kichwani mpaka stoo mimi mwenyewe, na Ambindwile atabeba mguu wake uliolegea.

Najua jibu lililo midomoni mwa watu. Mwalimu, sherehe imeshaandaliwa, ng'ombe ameshachinjwa, wageni wameshakuja. Nyama italiwa, ndugu zangu. Sijawahi kuona nyama ya sherehe ikakosa mlaji Tukuyu kwa sababu sahihi imeahirishwa.

Nakuja kwenye shukrani. Mganga Mfawidhi, tunakushukuru kwa kutupa chumba hata pale ulipokuwa huna mahali pa kuweka dawa. Sista Jenifer, wewe sina la kukwambia nisije nikalia hapa mbele ya wanafunzi wangu. Jioni ya leo piga simu, nitapokea, mkono utakuwa mahali pake. Doreen, binti yangu, hatuna cha kukupa zaidi ya mkungu wa ndizi, parachichi za Asajile, na majani ya chai uyapikie huko uendako, ukiyanywa utukumbuke. Watu wengi wamekuja Rungwe kutuhesabu. Wewe ulirudi kuuliza kwa nini hatumo. Ndaga fijo, asante sana, mwanangu.

Limebaki moja, ndilo lililonitoa kijasho tangu asubuhi.

Mheshimiwa, huna sababu ya kuniamini. Mimi ni mgonjwa ninayetetea chumba changu, na maneno yangu yana faida kwangu. Shahidi yupo. Amekaa nyuma ya kina mama wa kwaya, upande wa mlango wa nyuma, mahali ambapo mimi siwezi kumwona na yeye hawezi kuniona. Jana nilimtuma Mama Lugano akamuulize kama ataweza kulijibu lile swali la wadodosaji leo, mbele ya watu wote hawa. Sikutegemea. Nilijiandaa kukataliwa, na ningemheshimu kwa kukataa. Jibu lilichelewa. Lilikaa jikoni mpaka ugali ukapoa. Kisha likaja, neno moja tu: "Akigeuka."

Basi nitageuka. Nitaupa ukuta huu uso wangu, na ninyi mtaona mgongo wa mwalimu wenu, ambao mliuona miaka mingi akiandika ubaoni, hamtapungukiwa kitu. Kwenye hesabu yenu nimekuwa sipo muda mrefu. Naomba nisiwepo kwa dakika chache zaidi, apate kusema kwamba nipo.

Kuna jambo moja tu linalonitia hofu. Nikikohoa, yeye atajua nimekuja, atainuka apishe, atatoka kwa mlango ule wa nyuma, na hatutampata tena. Koo linanikereketa tangu nilipoanza kusema, na tangawizi imekwisha.

Mmenisikiliza vya kutosha, nami nawashukuru. Asanteni. Sasa nageuka. Mheshimiwa, muulize yeye, upesi, kabla sijakohoa.